Mgawo wa Nguvu

Shuleni mwalimu akitaja duara, mnatoa bikari. Machimboni ukitaja duara, watu wanageuka kutazama shimo. Neno ni moja, na leo tutayahitaji maduara yote mawili, kwa hiyo sogeeni. Na wewe wa nyuma, mwache mwenzako.

Wengi wenu hapa Ushirombo mna kaka au mjomba aliyewahi kushika winchi. Gogo limelazwa juu ya mdomo wa duara, kamba imeviringishwa, na kila upande umetokeza mkono wa chuma. Chini mtu anafunga kiroba cha mawe, anatikisa kamba, na juu wanaume wawili wanaanza kuzungusha. Sasa niambieni: mkono wa winchi ukiwa mfupi kama kidole, kiroba kitapanda? Hakipandi. Ukiwa na sentimita 40? Kinapanda, tena huku wanapiga soga. Mawe ni yaleyale na wanaume ni walewale.

Hata matingo wanalijua hilo. Nendeni barabarani, pale yanapoegeshwa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, mtazame tingo anayefungua nati ya gurudumu. Nati ikikataa, anachomeka bomba kwenye mpini wa spana, anasimama mbali kidogo, anaegemea, nati inalia "kwii" na kulegea. Bomba halikumwongezea chai aliyokunywa asubuhi. Limemwongezea urefu tu.

Kuzungusha kitu, basi, ni mambo mawili yaliyozidishwa: nguvu unayosukumia, na umbali kutoka katikati hadi pale ulipoweka mkono. Mwanamume akisukuma mkono wa winchi kwa newtoni 150, sawa na kushikilia mzigo wa kilo 15 hivi, na mkono wa winchi una mita 0.4, tunazidisha tunapata 60. Nguvu hiyo ya kuzungusha mafundi wanaiita toki, na kipimo chake ni newtoni-mita. Shikeni hiyo 60, toki ya mwanamume mmoja. Itakuwa rula yetu.

Miaka ya nyuma lilikuja gari la kuchimba kisima katika kijiji kimoja nje ya mji. Tulikusanyika wakubwa kwa wadogo, maana kijiji kinachosubiri maji hakina mtu mwenye shughuli nyingine. Mlingoti ukasimamishwa, rodi zikaanza kuzama ardhini huku zikizunguka, vumbi likapanda, kisha tope. Mimi macho yangu yalikuwa juu, kwenye kichwa cha rigi. Kulikuwa na kipande cha chuma ambacho ningeweza kukipakata kama mtoto, kina hosi mbili nene, hakina moshi, hakina waya wa umeme. Ndicho kilichokuwa kinazizungusha rodi zote zile.

Hiyo ndiyo mota ya haidroliki. Ziko chini ya ardhi Bulyanhulu, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, kwenye mashine zinazotoboa miamba. Ziko Geita, ambako mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000. Hata kijiko cha kawaida kinachochimba mtaro wa barabara, kikigeuza kiuno ili kumwaga udongo kwenye tipa, kinachokigeuza ni mota ya ukoo huohuo.

Ndani, zile za aina rahisi zina gia mbili zilizoumana, zimebanwa ndani ya sanduku la chuma. Mafuta yanaingia kwa hosi moja yakiwa yamesukumwa na pampu. Katikati hayapiti, maana meno yameumana. Njia iliyobaki ni kuzunguka pembeni, kila pengo la jino likibeba tone lake, na ili yapite lazima meno yasogee. Gia zinazunguka, mafuta yanatokea hosi ya pili na kurudi kwenye tangi. Kwamba kimiminika kilichobanwa kinasukuma kila upande kwa presha ileile, aliliandika Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662 akiwa na miaka 39 tu. Mwingereza Joseph Bramah akalitumia kutengeneza mashine ya kushindilia mwaka 1795, na jeki ya mafuta inayonyanyua lori lenye pancha ni mjukuu wa mashine hiyo. Vitabuni mtasoma kanieneo. Gereji wanasema presha. Leo mimi niko gereji.

Sasa hesabu. Mnajua pikipiki inaitwa cc 125 au cc 150, na mnajua 150 inakula mafuta zaidi. Mota ya haidroliki nayo ina cc zake: ni mafuta kiasi gani yanapita ikizunguka mara moja tu. Tuchukue mota ya cc 250, robo lita kwa mzunguko. Na presha tuseme baa 160. Tairi la lori linajazwa kama baa 8, kwa hiyo hii ni mara ishirini ya tairi la lori, imefungiwa ndani ya hosi. (Ndiyo maana nawaambia: mkiona hosi ya mashine inarusha mafuta membamba kama uzi, msiweke kidole. Uzi huo unapenya ngozi kama sindano, na kidonda chake kinaonekana kidogo huku ndani kimeharibu. Mtu aliyepatwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.)

Mafuta yanapoingia yanafanya kazi kiasi gani kwa mzunguko mmoja? Kazi ni nguvu mara umbali. Fikirini mafuta kama pistoni inayosukumwa ndani ya bomba: nguvu ni presha mara eneo la bomba, umbali ni urefu wa bomba. Eneo mara urefu ni ujazo. Kwa hiyo kazi ni presha mara ujazo. Baa 160 ni newtoni 16,000,000 kwa kila mita ya mraba, na cc 250 ni mita za ujazo 0.00025. Zidisheni. Zinatoka jouli 4,000. Hizo zimeingia.

Zimetokea wapi? Kwenye mhimili unaozunguka. Turudi kwenye winchi, na hapa ndipo duara la bikari linapokutana na duara la shimo. Mkono wa winchi ukizunguka mara moja, kiganja cha mtu kimetembea mzingo mzima: mara mbili, mara pai, mara nusu kipenyo. Kazi yake ni nguvu mara mzingo huo. Lakini nguvu mara nusu kipenyo tulishaipa jina, ni toki. Kwa hiyo kazi ya mzunguko mmoja ni toki mara mbili mara pai.

Kilichoingia ni 4,000, na kilichotoka ni toki mara 44 juu ya 7, kwa kutumia ile pai yenu ya 22 juu ya 7. Gawanyeni. Toki ni newtoni-mita 636. Kwa rula yetu, ni zaidi ya wanaume kumi kwenye winchi moja, ndani ya chuma cha kupakata.

Msiwe na haraka, kuna kitu kimepita hapa kimyakimya. Nusu kipenyo imeyeyuka. Hatukuuliza gia zina ukubwa gani wala meno mangapi. Tumeuliza mambo mawili tu: cc ngapi, presha ngapi. Zidisha, gawanya kwa pai mbili, basi. Katika hesabu zote nilizowahi kukutana nazo gereji, hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu inajua kisichohitajika.

Siku ile ya kisima, mambo yaliharibika saa nane mchana. Rodi zilifika kwenye tabaka gumu, mzunguko ukapungua, na kijana aliyeshika vishikio akafanya ambacho hata ninyi mngefanya: akakanyagia injini. Injini ikanguruma, moshi ukatanda, na rodi zikasimama kabisa. Mzee aliyekuwa mkuu wao akaja mbio, akamwondoa mkono.

"Unaongeza moto wa nini?" akamwuliza. "Kwani mota imeomba kasi?"

"Samahani mzee, nilitaka iwe na nguvu."

"Soma geji."

Geji ilikuwa imesimama kwenye 160. Ndipo vali ya usalama inapofunguka na kuyarudisha mafuta kwenye tangi kabla hosi haijapasuka. Pampu haitengenezi presha, wajukuu zangu. Pampu inasukuma mafuta, na presha inaletwa na ugumu wa mzigo. Mzigo mwepesi, geji iko chini; mzigo mzito, geji inapanda yenyewe mpaka mlango wa vali. Ukikanyagia injini unaongeza mafuta kwa dakika, yaani unaongeza kasi. Toki haijui habari za kasi. Tazameni tena mlinganyo wetu, hakuna mahali ulipotaja dakika. Anayetaka toki zaidi kwa presha ileile aweke mota ya cc kubwa. Ya cc 500 itatoa maradufu, ila kwa mafuta yaleyale itazunguka nusu ya kasi. Mshika mbili moja humponyoka.

Yule mzee aliinua rodi kidogo, akazishusha polepole zikiwa zinazunguka, na kazi ikaendelea. Jioni nilimfuata. Shikamoo, marahaba, nikamwuliza kuhusu chuma kile. Akachora ardhini kwa kijiti hesabu niliyowaonyesha sasa hivi. Kisha akaifuta kwa kiatu, akasema, "Hii 636 hakuna aliyewahi kuipata."

Mmoja wenu tayari ananitazama kwa jicho la kuniambia, babu, mbona umetusumbua? Subiri.

Mawe yakitoka duarani si yote ya mchimbaji. Mnajua mgawo ulivyo: kuna mwenye leseni, kuna mwenye shamba, kuna mwenye duara aliyelisha watu wiki nzima. Mchimbaji anachukua kinachobaki. Toki nayo ina mgawo, na wadai wake wa ndani ni watatu.

Wa kwanza anadai kiasi kilekile siku zote. Ni sili ya mpira inayokumbatia mhimili ili mafuta yasitoke nje, pamoja na beringi zilizokazwa. Presha iwe kubwa au ndogo, yeye anachukua chake. Wa pili anadai kwa fungu: presha ikiongezeka, gia zinasukumwa kwa nguvu dhidi ya kuta na beringi, msuguano unakua, na fungu lake linakua sawia na presha. Wa tatu anadai kwa kasi. Ni mafuta yenyewe, maana yana mnato, na kuburuta chuma ndani ya kitu kinachonata kunachosha. Kadiri unavyoharakisha ndivyo yanavyokuvuta.

Miaka ya 1940 Mmarekani mmoja, Warren Wilson, ndiye aliyewaandika wadai hawa katika mlinganyo mmoja: toki halisi ni toki ya hesabu, toa cha mdai wa kudumu, toa fungu la presha, toa cha kasi. Huo ndio mnaosikia ukiitwa modeli ya kihisabati. Jina lisiwaogopeshe. Ni daftari la mgawo tu, ambamo kila newtoni-mita iliyokosekana lazima iandikwe imechukuliwa na nani.

Na daftari haliandikwi kwa kubahatisha. Unahitaji mizani. Mfaransa Gaspard de Prony alionyesha namna mwaka 1821: unaubana mhimili unaozunguka kwa vipande viwili vya mbao, unafunga mkono wa mita moja kwenye mbao hizo, na ncha ya mkono unailaza juu ya mizani. Mhimili unajaribu kuondoka na mkono, mizani inakataa, na inachosoma ndiyo nguvu. Kwa kuwa mkono ni mita moja, nguvu hiyo ndiyo toki. Kaya za wakulima wa pamba hazihitaji kufundishwa kuitilia mizani mashaka, kwa hiyo kwanza hakikisheni inasoma sifuri.

Tufanye jaribio la kichwani. Mota ni ileile ya cc 250, mafuta yana joto lilelile muda wote. Presha baa 160, mizunguko 200 kwa dakika: mizani inasoma kilo 58. Zidisha kwa 9.8, ni toki 568. Hesabu ilisema 636. Zimekosekana 68.

Punguza presha iwe nusu, baa 80, mizunguko ibaki 200. Hesabu inasema 318, mizani inasoma kilo 28, yaani 274. Zimekosekana 44. Mnaona? Presha imepungua nusu, upungufu umeshuka kwa 24. Katika wadai watatu ni mmoja tu anayejali presha, kwa hiyo 24 ni nusu ya fungu lake, na kwenye baa 160 alikuwa akichukua 48. Tumemkamata mmoja.

Rudisha presha kwenye 160, sasa punguza mizunguko iwe 100. Mizani inasoma kilo 58.6, yaani 574. Zimekosekana 62 badala ya 68. Kasi imepungua nusu na 6 zimerudi, hivyo mdai wa kasi alikuwa akichukua 12. Ondoa 48 na 12 kwenye 68, inabaki 8. Huyo ni sili na beringi. Mizani ilisomwa mara tatu, na wote watatu wametajwa. Hatukuifungua mota hata bolti moja.

Kuna na mwingine, ila yeye haibi toki, anaiba mizunguko. Kati ya gia na ukuta kuna upenyo mwembamba, na mafuta kidogo yanapenya humo bila kusukuma jino lolote. Pampu ikileta lita 50 kwa dakika, mota ya robo lita ingepaswa kuzunguka mara 200. Ukihesabu ukapata 190, lita 2 na nusu zimepita uchochoroni. Fundi mzuri hachanganyi malalamiko haya: mashine iliyo dhaifu na mashine iliyo polepole ni wagonjwa wawili.

Lakini wanakutana kwenye mnato. Wafugaji nyuki wa hapa Bukombe wanajua asali ya asubuhi ya baridi haimiminiki kama ya mchana. Mafuta ya haidroliki ni hivyohivyo. Dukani mtaona yameandikwa 46 au 68. Ni kipimo cha mnato wake kwenye nyuzi joto 40, na ya 68 ndiyo mazito zaidi. Yakiwa mazito mno, mdai wa kasi ananenepa. Yakichemka na kuwa mepesi kama maji, mdai wa kasi anakonda, ila uchochoro unafunguka na mizunguko inapotea. Pana mahali pa katikati, na kupapata ndiyo kazi ya modeli.

Nimewasifia sana modeli hii. Sasa niiseme. Iulizeni: mota ikiwa imesimama, kasi sifuri, wadai wanachukua kiasi gani? Itajibu, mdai wa kasi hayupo, kwa hiyo wanachukua kidogo kuliko wakati wowote. Ni uongo. Mota inapoanza kuzunguka ndipo inapokuwa dhaifu, kwa sababu utando wa mafuta haujatanda bado na chuma kimelala juu ya chuma. Mjerumani Richard Stribeck alilichunguza jambo hili kwenye beringi mwaka 1902: msuguano unaanza juu, unashuka kasi inapoongezeka kidogo, halafu unapanda tena taratibu. Daftari letu linaijua sehemu ya mwisho tu. Kwa hiyo anayechagua mota kwa ajili ya winchi au rigi haangalii toki ya kuzungukia peke yake, anauliza na toki ya kuanzia.

Ndipo nikamwelewa yule mzee. Kila rodi zilipoelemewa aliziinua kidogo, lakini hakuziacha zisimame. Kijana alidhani ni mazoea ya kizee.

Chukueni madaftari. Mota ni ileile ya cc 250, wadai ni walewale watatu, presha baa 120, mizunguko 150 kwa dakika, mkono wa mita moja. Andikeni mizani itasoma kilo ngapi kabla hamjamwuliza jirani. Mimi nimepata 43.3.